Niliandika kila nguo niliyonunua mwaka mzima hapa Mwanza. Njooni tuhesabu pamoja

#1 MamaKaunta

Mwangaluka wakuu.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu. Nina miaka 36, naishi Nyegezi, nakaa kaunta kwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Igoma. Kutwa kazi yangu ni kuandika: misumari kilo ngapi, bati ngapi, nani kalipa, nani kachukua mali kauli.

Desemba ya mwaka juzi mume wangu (yeye na dagaa, leo yupo Mwaloni, kesho yupo kisiwani) aliniuliza swali moja tu: "Kabati limejaa, mbona kila Jumapili unasema huna nguo?" Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikanunua kaunta buku kama la dukani, nikaanza kuandika. Kila nguo yangu, tarehe, bei, nimeitoa wapi. Na kila nikiivaa naweka kijiti, kama wanavyohesabu kura.

Mwaka ukaisha. Vipande 39, shilingi 653,000. Za watoto hazimo humo, wao wana ukurasa wao na ukurasa huo unatisha.

Kabla ya kujumlisha ningeapa msikitini na kanisani kwamba kilichonimaliza ni magauni yangu mawili ya kitenge. Kitambaa na ufundi, yote mawili 86,000. Siku niliyolipa sikulala. Mume naye akiongelea matumizi yangu alikuwa anayanyooshea kidole hayo hayo. Basi someni vijiti: moja nimelivaa mara 52, la pili mara 47. Gawanyeni wenyewe. Haifiki shilingi 900 kila nikitoka mlangoni.

Sasa njooni kwenye vitu vya chini ya elfu kumi. Vipande 26, jumla 148,000. Kwa hivi hakuna aliyewahi kunigombeza. Unashuka kwenye daladala jioni umechoka, mtu kamwaga lundo kwenye turubai anaimba "buku tano, buku tano, mama chagua", mkono unaingia wenyewe. Vipande 11 kati ya hivyo vina kijiti kimoja au havina kabisa. Kuna blauzi ya njano sijui siku ile nilikuwa nawaza nini. Kuna sweta zito la baridi ya Ulaya, kwa Mwanza hii ambayo saa saba mchana mawe yenyewe yanachemka. Kuna suruali ambayo niliinunua nikisema nitapungua. Sijapungua.

Lakini humo humo kuna sketi nyeusi ya mtumba, 9,000, vijiti 90. Shilingi mia kila nikiivaa. Hakuna kitu kabatini kinachoisogelea. Kwa hiyo asije mtu hapa akasema nimeutukana mtumba.

Nikakaa nikajiuliza, sketi na sweta vimetoka soko moja, tofauti ni nini? Sketi niliifuata. Ya kazini ilikuwa imechanika, nikaenda Mlango Mmoja Jumamosi asubuhi nikijua nataka nyeusi, kiuno hiki, urefu wa chini ya goti. Nilizunguka saa mbili nzima, nikaziacha nne, nikachukua ya tano. Sweta lilinikuta njiani.

Vya mtandaoni vitatu, 95,000. Hapo sina mengi. Kwenye picha gauni limemkaa dada wa watu kama limemwagwa juu yake, nilichotumiwa kwa basi ni kitambaa cha mwavuli. Nilipouliza nikajibiwa "mama, ni mwanga wa picha". Viatu jozi nne 88,000, jozi mbili ziliachia soli kwenye mvua ya kwanza.

Haya. SARE.

Send-off mbili, kitchen party moja, kipaimara kimoja. Shilingi 236,000! Zaidi ya theluthi ya hela yote ya mwaka, kwa nguo nne. Tatu zimevaliwa mara moja. Ya kipaimara niliirudia kanisani Jumapili moja, nikakuta wenzangu watatu nao wameirudia, tukakaa benchi moja kama kwaya. Na hizi hata rangi sikuchagua. Kamati imekaa, tangazo limeingia kwenye grupu la WhatsApp: kitambaa kipo kwa mama fulani, mwisho wa kulipa Ijumaa.

Ndiyo maana nimeleta uzi. Hela niliyoitoa huku moyo unauma haikunimaliza. Niliyoitoa bila kuamua ndiyo iliyonimaliza, ama kwa sababu ilikuwa ndogo sana kuifikiria, ama kwa sababu wengine walishaniamulia.

Mwaka huu nimeongeza ukurasa mmoja mbele ya daftari: NINATAFUTA. Kitu kikiandikwa pale lazima kikae siku saba kabla sijakinunua. Mpaka leo nina majina mawili tu, viatu vyeusi vya chini na shati jeupe la mikono mirefu. Vyuma vimekaza wakuu, na nasikia aibu kidogo kwamba nimehitaji kaunta buku kulijua hili.

Wauza nguo, mafundi, wanakamati, semeni. Na hasa: sare mnazikwepaje bila kuchukiwa na ukoo?

#2 Ngosha_Mweusi

Nimekaa pale na kahawa yangu. Mama, hebu rudia hapo kwenye suruali ya kupungua, umenigusa. Ninayo ya tangu nikiwa chuo.

#3 Muuza_Belo

Dada MamaKaunta, heshima yako. Mimi ndiye yule wa kwenye turubai, au ndugu yake. Mtumba nimeuza miaka tisa. Nikueleze kwa nini lundo la buku tano limekuangusha na sketi ikakubeba. Usidhani ni bahati.

Belo la kawaida ni kilo 45. Tunalinunua limefungwa, limeandikwa tu ni la nini: blauzi, jinzi, mashati, nguo za watoto. Ndani huoni. Ukilikata kamba ndipo unajua Mungu kakuandikia nini. Sasa asubuhi belo linapofunguliwa kuna watu wamesimama tayari. Hao ni wenye maduka na akina dada wanaouza kwenye simu. Wanatoa zile kali zote, wanazilipia bei nzuri, zinaenda kufuliwa, zinapigwa pasi, zinatundikwa. Wewe utaikuta dukani mjini kwa bei mara tatu na utaambiwa "spesho".

Hela ya belo nairudisha kwa hao wa asubuhi. Mchana nashusha. Kesho yake nashusha tena. Nguo unayoiona inaimbiwa buku tano jioni imeshikwa na mikono mia na imekataliwa na mikono mia. Ina sababu. Siyo lazima doa, pengine ni saizi ya ajabu tu au ni sweta kama lako, ila sababu ipo.

Kwa hiyo ushauri wangu unaniumiza mwenyewe mfukoni: usinunue jioni ukitoka kazini. Njoo asubuhi, uliza belo la aina yako linafunguliwa siku gani. Muuzaji akikuzoea atakupigia. Mimi nina walimu wawili nawawekea sketi pembeni, hawachelewi kulipa, hawanisumbui.

Ukishika nguo, usianze na lebo. Anza na kwapa, kisha kola kwa ndani. Suruali angalia mapajani pale zinaposuguana, inua juu uelekeze kwenye mwanga, ukiona anga limepenya rudisha. Funga zipu ufungue mara tatu. Vuta mpira wa kiuno usikilize, uliokufa unalia kama karatasi. Na ukifika nyumbani maji ya moto, sabuni, jua, pasi, ndiyo uvae. Nguo za ndani usinunue mtumba kabisa, TBS, wale wa shirika la viwango, walishazipiga marufuku na bado wapo wanaozificha chini ya meza.

#4 NansioKwetu

Muuza_Belo umesahau hatua ya mwisho. Yakikataliwa na mikono mia ya Mwanza mjini yanapanda meli yanakuja kwetu Ukerewe, yanakutana na mikono mingine mia. Sisi ndio majaji wa mahakama ya rufani.

#5 Fundi_Mabatini

Uzi umenikuta nina kazi ila acha niandike.

Mama, magauni yako ya kitenge yamekulipa kwa sababu yalishonwa kwa kipimo chako. Nguo isiyobana kwapa wala kupanda tumboni mtu anairudia bila kujua. Zile 11 zisizo na vijiti, nakuhakikishia angalau nne kasoro yake ni ya cherehani tu. Mikono mirefu mno, kiuno kipana, urefu wa ovyo. Kupunguza kiuno kwangu ni elfu tatu. Watu wanatoa elfu tano kununua nyingine isiyowakaa, wanaona uchungu kutoa elfu tatu kuirekebisha waliyo nayo.

Siri moja ya kwenye mtumba: nunua kubwa, usinunue ndogo. Saizi kubwa zinabaki nyingi na bei inashuka. Kubwa naweza kuipunguza. Ndogo mpaka nikute akiba ya kitambaa ndani ya mshono, na nguo nyingi za kiwandani hawaachi akiba, wanakata sentimita moja wanapiga oveloki basi. Geuza nguo kabla ya kulipa. Ukiona ndani kuna upana wa kidole, hiyo ina maisha mawili.

Kitenge nacho. Siku hizi mwanamke ananiletea kitenge kinang'aa, rangi inawaka, kaambiwa ni pamba tupu. Vuta uzi mmoja pembeni uwashe kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu laini ukilifikicha linapotea. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kishanga kigumu cheusi. Sisemi usivae poliesta, haichujui rangi na haihitaji pasi sana. Ila usilipe bei ya pamba halafu ukatoe jasho kwenye daladala ya Kisesa ukadhani unaumwa. Na kama ni pamba kweli, loweka usiku mzima kabla hujaniletea. Ikinywea mikononi mwako hasara ni ndogo, ikinywea baada ya kushonwa tunagombana.

Kuhusu ukurasa wa watoto unaotisha: sare za shule zishonwe pindo pana, vidole vinne. Sketi ya bluu ya darasa la tatu nashusha pindo mwaka unaofuata, na mwaka wa pili tena. Inabaki mstari wa pindo la zamani, ndiyo, shonea utepe mwembamba wa bluu juu yake, hakuna mwalimu atakayemfukuza mtoto. Ila njoo Novemba. Januari sina nafasi ya kukusikiliza na bei inapanda, siwezi kuficha.

#6 Mstaafu_wa_Pamba

Wanangu, nimefurahi kusoma. Mimi ni wa zamani kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 80 hapa Mwanza swali la ninunue ipi halikuwepo. Nguo ilikuwa ya foleni. Khanga ikifika duka la ushirika habari inatembea mji mzima kabla lori halijashushwa, na doti moja wanagawana ndugu wawili. Mtumba ulikuwa magendo, watu wakauita kafa Ulaya, mtu anauvaa huku anakana. Biashara ilipolegezwa kuanzia 1984 ndipo marobota yakaanza kumiminika.

Kinachonichekesha mpaka leo ni kwamba Usukumani ndiko inakolimwa sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii. Hata vijana mtu akivaa vizuri mnasema kapiga pamba, na timu yetu inaitwa Pamba. Tulikuwa na kiwanda cha nguo cha Mwatex hapa, Musoma wakawa na chao, Mutex. Sasa nyuzi zetu nyingi zinapanda meli zikiwa hazijafumwa, na fulana inarudi imeshavaliwa na mtu mwingine.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iwe imeondoka ifikapo 2019. Marekani wakakumbushia AGOA, ule mpango wao wa kuziachia bidhaa za Afrika ziingie kwao bila ushuru. Rwanda waling'ang'ana, ushuru wakaupandisha kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na 2018 nguo zao zikanyimwa nafasi ya kuingia Marekani bila ushuru. Sisi wengine tulilegea. Msinibebeshe siasa, nasema tu kwamba yule kijana wa turubai jioni ana historia ndefu nyuma yake.

#7 Ngosha_Mweusi

Mzee, umeanza vizuri, ulipofika kwenye senti za dola nikaona mtihani unakuja.

#8 KibaruaIgogo

Samahani, mimi nitaharibu utamu. Mnaongea kama watu wote wana 43,000 ya gauni moja ambayo "itajilipa". Mimi ni kibarua, nalipwa kwa siku, na siku nyingine hakuna. Nikiwa na buku tano siwezi kukaa siku saba niitazame kwenye daftari. Siku ya tatu itakuwa imeshaliwa. Nguo ya lundo nainunua nikijua haitakaa, kwa sababu shati la kukaa ni 15,000 na 15,000 kwa pamoja sijaishika tangu lini. Maskini ananunua mara tatu, tajiri mara moja. Hilo daftari halitibu.

#9 Muuza_Belo

KibaruaIgogo amesema kweli na mimi namwona kila siku. Ndiyo maana kuna wateja nawawekea. Mtu analeta buku, kesho buku, nguo ipo mfuko wa nyuma ina jina lake. Sitaki riba. Sharti langu ni moja, wiki mbili zikipita kimya naiuza na buku zako nakurudishia. Tafuta muuzaji wa hivyo mahali ulipo, tupo. Kuliko kwenda kwa hawa wa kausha damu kukopa hela ya shati la usaili, nimeona mtu karudi kuniuzia hilo hilo shati.

#10 MamaKaunta

Kibarua, umenikalisha chini, na sikuwa nimeliwaza hivyo. Mimi mshahara wangu mdogo lakini una tarehe, na ukurasa wa siku saba ni wa mtu mwenye tarehe. Nimeandika kama vile wote tupo kaunta.

Fundi, nimeenda kabatini na taa ya simu. Zile 11, tano ni kweli ni za kipimo. Blauzi ya njano nimeigeuza, ina akiba upana wa kidole na nusu! Nitakuletea. Mstaafu, baba, wabeja sana, mama yangu alikuwa na hiyo khanga ya kugawana, nusu yake ipo kwa mama mkubwa hadi leo, na bado wanadaiana.

Mbona hakuna anayegusa sare?

#11 BintiKirumba

Mimi hapa, mwanakamati mzoefu, nimekuwa nasoma kimya kwa sababu najijua.

Dada, sare ni biashara. Siyo zote, ila nyingi. Kitambaa kwenye jumla ni bei moja, kwenye grupu ni nyingine, na katikati hapo ndipo inapotoka hela ya MC au ya keki. Wakati mwingine ni mchango uliovaa nguo. Ukiligundua hilo usigombane, lipa mchango wako ukae na amani, ila sema mapema: "Mimi nitachangia, sare sitashona, nitavaa rangi inayoendana." Ukisema siku kitambaa kinatangazwa hakuna anayekasirika. Ukisema siku ya shughuli, utasemwa mpaka bibi harusi apate mjukuu.

Sisi kwenye kikoba chetu tulikubaliana mwaka jana: sherehe ya mwanachama tunavaa kitenge chochote cha rangi iliyotajwa, kilichopo nyumbani. Shughuli ya kwanza picha zilitoka kama bustani, kila mtu na maua yake. Mama wa binti alinuna kidogo. Shughuli ya pili hakuna aliyekumbuka.

Na kama umeshashona, mwambie fundi tangu mwanzo akate vipande viwili, juu na chini. Gauni refu la send-off huvai sokoni. Sketi yake peke yake na fulana nyeupe unavaa.

#12 Fundi_Mabatini

BintiKirumba asante kwa hilo la vipande viwili. Wananiletea picha ya gauni lina mkia, kitambaa walichonunua hakitoshi hata bitana, halafu sherehe ni kesho. Mnatuzeesha.

#13 NansioKwetu

Swali la pembeni. Huku kisiwani fundi mzuri ni mmoja na ana foleni kama kivuko. Kuna mtu anashona mwenyewe kwa mkono? Nina suruali mbili za kazi zimepasuka mapajani.

#14 Fundi_Mabatini

Mapajani usishone kwa kubana, itapasuka pembeni wiki ijayo. Kata kiraka cha jinzi kuukuu, kiwe kikubwa kuliko tundu kwa vidole viwili kila upande, kiweke kwa NDANI, piga mishono midogo midogo ya kwenda na kurudi juu ya tundu lote. Uzi wa viatu usitumie, unakata kitambaa. Uzi wa jinzi upo, mwambie mtu wa Mwanza akutumie kwa meli.

#15 KibaruaIgogo

Fundi hiyo ya kiraka kwa ndani nimeifanya leo mchana kwenye kivuli pale kazini. Imekaa. Wenzangu wawili wameniletea za kwao, nimewaambia buku kila moja.

#16 Ngosha_Mweusi

Uzi umezaa fundi wa pili. MamaKaunta, na lile sweta vipi? Kuna mtu Makete huko anateseka na baridi na wewe umelifungia kabatini Nyegezi.

#17 MamaKaunta

Sweta lina kijiti kimoja sasa. Jana usiku mume alienda nalo ziwani, upepo wa huko anasema haujui kama hii ni Mwanza. Amerudi nalo linanuka dagaa, anasema halitoki tena mikononi mwake. Nimemwambia aniletee 5,000 yangu.

Jumamosi nakuja Mabatini na blauzi nne na suruali moja. Fundi, uwepo.

#18 Ngosha_Mweusi

Weka picha ya shemeji na sweta.